Majivu ya Lengai, birika la Kakesio

Barabara ya kutoka Endulen kwenda Kakesio ina vumbi lisilobanduka. Wakati wa kiangazi linaingia ndani ya gari hata vioo vikiwa vimepandishwa, linakaa kwenye kope na kwenye kola ya shati, na ukinawa uso maji yanageuka kijivu. Kijivu ni rangi ya jivu, na hapa neno hilo linasema kweli tupu. Sehemu kubwa ya udongo wa upande huu wa Ngorongoro ni majivu yaliyotoka kwenye milima ya volkano, yakabebwa na upepo, yakalala, yakanyeshewa, yakaota majani, kisha majani yakaliwa na nyumbu na ng'ombe kwa vizazi visivyohesabika.

Jirani na njia hiyo ndipo ilipo Laetoli. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua hapo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Walikanyaga majivu mapya. Mvua ikayalowesha, yakaganda kama saruji, na majivu mengine yakaja kuzifunika. Kwenye tabaka hizo yapo hata matone ya mvua yaliyoacha vishimo vyake, na zipo nyayo za twiga, tembo, sungura na kanga. Tabaka za Kakesio penyewe ni za kale zaidi. Wanajiolojia wanaziweka kwenye miaka karibu milioni 4, na humo wametoa mifupa mingi ya wanyama.

Kwa kawaida nyayo za Laetoli tunazisimulia kama fahari ya nchi na kivutio cha utalii. Ni sawa. Lakini mimi nikizifikiria naona taarifa ya maafa, ya kale kuliko zote tulizo nazo. Zinasema kwamba majivu yalifika hapa, yakawakuta viumbe katika safari zao za kila siku, wakiwa na watoto wao, pengine wakielekea majini. Kwa hiyo nauliza: yakija tena leo, nani atamwambia mchungaji wa Kakesio, na atamwambia afanye nini?

Mlima unaohusika unajulikana. Oldoinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai, ndiyo volkano hai ya Wilaya ya Ngorongoro. Duniani hakuna volkano nyingine inayotapika lava ya aina yake kwa sasa. Lava ya kawaida hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Ya Lengai hutoka ikiwa na nyuzi kama 500 hadi 600, nyepesi, nyeusi, inayotiririka kama mafuta machafu ya gari, na baada ya siku chache hewani inageuka nyeupe. Anayejua magadi ya kupikia makande au ya kuchanganya na ugoro ameshaielewa nusu ya jambo: sehemu kubwa ya lava ile ni jamii ya magadi, iliyoyeyushwa na moto wa chini ya ardhi.

Lava hiyo haimsumbui mtu wa Kakesio. Iko mbali, kama kilomita 100 hivi, na katikati yake umesimama ukuta wa milima ya Kreta: Empakaai, Olmoti, Ngorongoro yenyewe, Lemagrut. Kwa sababu hiyo wengi wanaamini Lengai ni shughuli ya watu wa Engare Sero, kijiji kilicho chini yake, na wapanda mlima. Imani hiyo ndiyo ninayoipinga.

Lengai ina tabia mbili. Kwa miaka mingi huchemka polepole ndani ya kasoko yake, bila kumdhuru mtu. Kisha, mara moja katika kizazi, hulipuka na kurusha majivu juu. Ilifanya hivyo mwaka 1917, ikarudia mwaka 1940, ikarudia tena mwaka 1966. Mara ya mwisho ilitanguliwa na matetemeko. Katikati ya Julai 2007 ardhi ya Mlima Gelai na Ziwa Natron ilianza kutikisika, na tetemeko la tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, lilihisiwa mpaka Nairobi, ambako watu walikimbia nje ya maghorofa. Wiki saba baadaye, tarehe 4 Septemba, mlima ukalipuka. Milipuko ikaendelea kwa vipindi hadi mwaka 2008. Wakazi wa vijiji vya karibu walihama na mifugo yao, malisho yakafunikwa, na watafiti waliolinganisha picha za setilaiti na maelezo ya wafugaji walikuta kwamba majivu yaliumiza majani katika maeneo yaliyoangukiwa.

Majivu huenda upande gani? Mtu asiye na kifaa chochote anaweza kulijibu swali hili akiwa amesimama nje kidogo ya Oldupai, kwenye ule mchanga mweusi unaohama. Ni kilima cha majivu ya volkano chenye umbo la mwezi mwandamo, kinachosukumwa na upepo mita kama 17 kila mwaka, kuelekea magharibi. Watalii hukipiga picha, na wenyeji wanakiheshimu. Mimi nakiona kama mshale. Nyanda zote za nyasi fupi za Ndutu na Serengeti zimejengwa na majivu yaliyosafiri kwa upepo huohuo wa mashariki. Kakesio iko upande unakopulizwa.

Sasa tazama ramani nyingi za hatari ya volkano. Huchorwa kwa duara: kilomita 5 kutoka kileleni rangi nyekundu, 10 ya chungwa, 20 ya njano, kisha nyeupe, maana yake salama. Kwa lava na mawe yanayorushwa, duara linafaa. Majivu hayaendi kwa duara. Huenda kama ulimi mrefu, upana wake ukiamuliwa na upepo wa siku hiyo, na unaweza kukosa kijiji kilicho kilomita 15 upande wa mashariki ukafika kilicho mbali mara kadhaa upande wa magharibi. Ramani ikimweka mtu wa Kakesio kwenye rangi nyeupe, yeye na mtendaji wake wa kata watalala usingizi.

Na umbali hauleti usalama kama tunavyodhani. Waisilandi, ambao nao walikuwa wafugaji kama sisi japo walifuga kondoo kwenye baridi, walilijua hili kwa uchungu. Mwaka 1783 nyufa za Laki zilianza kumwaga lava na gesi, na zikaendelea kwa miezi minane. Lava iliua wachache. Gesi na vumbi lenye floraidi vilishuka kwenye majani, na mifugo ikaanza kuota uvimbe kwenye mifupa na taya. Kondoo wanaokadiriwa kuwa asilimia 80 walikufa, na nusu ya ng'ombe. Baada ya mifugo ikaja njaa, na njaa iliondoka na takriban mtu 1 katika kila 5 wa nchi nzima. Mwaka 1970 mlima wao mwingine, Hekla, uliua maelfu ya kondoo, na kuna malisho ambako majivu yalikuwa na unene wa milimita 1 tu. Chembe ndogo zina eneo kubwa la kushikilia sumu kwa kila gramu, na chembe ndogo ndizo zinazosafiri mbali. Mfugaji wa mbali anapokea majivu machache, laini, yasiyotisha, na ng'ombe wake anayala pamoja na nyasi.

Upo pia mfano wa Patagonia. Mwaka 1991 mlima Hudson wa Chile ulilipuka, na majivu yake yakavuka mpaka na kutanda kwenye malisho makavu ya Argentina. Kondoo walikufa kwa wingi: wengine walikosa nyasi, wengine walikosa maji, wengine walipofuka kwa majivu machoni au manyoya yao yalijaa majivu wakashindwa hata kusimama. Mlipuko ulikwisha. Upepo haukukwisha. Katika nchi ile kame uliendelea kuyainua majivu yaleyale kwa miaka, na kila ulipovuma ilikuwa kama mlima umelipuka upya. Anayeijua Kakesio mwezi wa tisa, upepo ukitoka Lemagrut na ardhi ikiwa haina jani, haitaji kusimuliwa zaidi.

Mlipuko utakapomfikia mtu wa Kakesio, basi, hautakuja kama moto. Utakuja kama birika la kunyweshea lililobadilika rangi na ng'ombe anayesita kulamba nyasi. Ndama wataanza kukohoa. Meno ya mbuzi yatakwisha haraka kwa kusaga mchanga wa volkano uliochanganyika na majani. Baada ya wiki chache ng'ombe watakonda, bei mnadani itaanguka, na gunia la mahindi litanunuliwa kwa ng'ombe wawili badala ya mmoja. Nani atarekodi hiyo kuwa ni maafa ya volkano? Itaandikwa ukame, au ugonjwa usiojulikana.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana watu wa Kakesio wana elimu ambayo wataalamu wengi wa maafa hawajaigusa.

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu kwa mamia ya maelfu hushuka kwenye nyanda za nyasi fupi na kuzaa. Ndio wakati nyasi ni bora kuliko wakati wote: fupi, laini, zenye chokaa na fosforasi ileile iliyotoka kwenye majivu ya zamani. Mtu wa mjini angedhani mfugaji atakimbilia huko na ng'ombe wake wote. Anafanya kinyume. Anawaondoa. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichowadhuru wao lakini kinachomuua ng'ombe aliyechungwa mahali palepale. Homa, macho kutoa maji, kisha kifo, na dawa hakuna. Wamaasai walijua uhusiano wa nyumbu wanaozaa na ng'ombe wanaokufa zamani sana kabla maabara haijakiona kirusi. Kwa hiyo jamii nzima inakubali hasara: inaziacha nyasi bora za mwaka, inapanda na mifugo nyanda za juu, inawabana kwenye malisho hafifu, hadi ndama wa nyumbu wakue na hatari ipite.

Hii ni tathmini ya hatari iliyokamilika. Wanaijua hatari yenyewe, wanaujua msimu wake na mpaka wake. Kiko chombo cha kuamua, ambacho ni baraza la wazee na malaigwanani, viongozi wa jadi. Liko eneo la kukimbilia, iko alalili, malisho yaliyotunzwa kwa ndama na wanyonge, ziko ronjo, kambi za muda za mifugo. Juu ya yote, jamii imezoea kutii onyo linalosema nyasi hizi ni za kijani lakini zinaua.

Onyo la majivu ni lilelile kwa sura nyingine. Kinachokosekana ni mtu wa kulifikisha kwa wakati, na mahali pa kwenda.

Nianze na kulifikisha. Duniani vipo vituo 9 vinavyofuatilia majivu ya volkano kwa ajili ya ndege. Kituo cha Toulouse, Ufaransa, kinahudumia Afrika yote. Lengai ikirusha majivu leo, mtaalamu wa Toulouse ataliona wingu kwenye setilaiti, ataandika tahadhari, na rubani anayetoka Nairobi kwenda Johannesburg atapewa njia nyingine. Tulishuhudia kazi hiyo Novemba 2025, mlima Hayli Gubbi wa Afar, Ethiopia, ulipolipuka bila kuwa na mlipuko wowote katika kumbukumbu za watu. Majivu yalivuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Oman, yakaendelea mpaka India, na mashirika ya ndege yakafuta safari. Wakati huohuo wafugaji wa Afar walikuwa wakitazama malisho yao yaliyofunikwa. Rubani aliye mita 10,000 juu ya boma anapata habari za majivu. Mwenye boma hapati. Naliona jambo hili kuwa si haki, na kulirekebisha hakuhitaji mabilioni, maana tahadhari ya Toulouse iko wazi kwa yeyote. Inahitaji tu afisa mmoja, kwenye mamlaka yetu ya hali ya hewa au kwenye kitengo cha maafa cha Ofisi ya Waziri Mkuu, ambaye kazi yake ni kuichukua, kuiunganisha na utabiri wa upepo wa siku tatu, na kuigeuza kuwa maneno ya Kiswahili na Kimaasai.

Vifaa navyo havikosekani kabisa. Tangu mwaka 2016 kuna vipokezi vya setilaiti vilivyopandwa kuzunguka Lengai, mradi wa watafiti wa Marekani pamoja na wa Chuo Kikuu Ardhi, vinavyopima namna ardhi inavyonyanyuka au kushuka kwa milimita. Makala ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 2024 ilieleza kwamba vipokezi hivyo vilionyesha ardhi ikinyanyuka tangu Machi 2022 hadi mwaka uliofuata, jambo linaloashiria shinikizo jipya chini ya mlima. Haina maana mlipuko uko mlangoni, na asiwepo wa kueneza hofu kwa hilo. Ina maana mlima uko hai na mashine zinausikia. Ila kutoka kwenye mashine hiyo hadi kwa mama anayechota maji Kakesio, njia haijachongwa.

Na njia isiyotunzwa hufa. Goma wanalijua. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikavuka mitaa, ikaunguza soko na kuingia Ziwa Kivu. Watu kama 400,000 walihama. Dunia ikasema haitatokea tena bila onyo, kikaimarishwa kituo cha kuangalia volkano. Mwaka 2020 ufadhili ulipokwisha, kituo kilikosa hata fedha za kulipia intaneti, na kwa miezi kadhaa taarifa za vipimo vya mbali hazikufika. Vilikuja kuunganishwa tena wiki chache tu kabla ya mlima kupasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Hakuna aliyeonywa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Watu wa Goma wanazungumza Kiswahili kama sisi, wana hata neno lao, mazuku, kwa ile hewa nzito ya mlima inayojikusanya mabondeni na kuua mbuzi na watoto bila harufu wala rangi. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na lugha ya hatari. Bili ya intaneti ikawashinda.

Hapa kwetu tumepata somo letu, na halikuhitaji mlipuko. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 Mlima Hanang, volkano iliyolala siku nyingi, uliachia tope, mawe na magogo juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua ikameguka. Miamba hiyo ni ya volkano. Karatu nayo yote, mashamba ya kahawa ya Oldeani, ngano, vitunguu vya Mang'ola vinavyomwagiliwa kwa chemchemi za milimani, inaishi kwa udongo wa namna hiyohiyo. Baada ya Hanang nilitegemea kila wilaya yenye mlima wa volkano ingekaa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ikapita mteremko kwa mteremko. Bado nategemea.

Na ipo hatari ya polepole, isiyopigiwa king'ora. Maji ya kanda yetu yamebeba floraidi ya miamba ya volkano tangu enzi. Ndiyo inayoyapaka meno ya watoto wa Arusha rangi ya kahawia, na ikizidi huupinda mguu wa mtoto kabla hajaanza shule. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Mahali ambako maji tayari yako karibu na mpaka huo, au yameshaupita, majivu mapya hayahitaji kuwa mengi ili kuharibu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kujiandaa kwa mlipuko ni kupima maji leo, kila chemchemi, kila lambo, kila birika, na kuandika. Bila kipimo cha leo, siku ya majivu hatutajua kilichoongezeka.

Sasa mahali pa kwenda. Hapa nazungumza kwa uangalifu, lakini nitazungumza.

Tathmini ya hatari ina sehemu mbili: nguvu ya kile kinachokuja, na udhaifu wa anayekipokea. Wataalamu hupenda sehemu ya kwanza kwa sababu ina mashine. Sehemu ya pili ina siasa. Mfugaji wa Kakesio haruhusiwi kulima. Kilimo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambamo Kakesio imo, kilikatazwa mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Hana ghala la mahindi. Ghala lake linatembea kwa miguu minne, na ndilo hilohilo litakaloangukiwa na majivu. Mifugo haishuki tena kwenye Kreta ya Ngorongoro, wala kwenye mabonde ya Olmoti na Empakaai, maeneo ambayo zamani yalikuwa akiba ya siku mbaya. Zipo sababu za uhifadhi, na sizipuuzi. Lakini anayeandika mpango wa dharura wa volkano kwa kata hii bila kusema ng'ombe watakwenda wapi, anaandika nusu ya mpango.

Kisha kuna suala la kuhama. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Agosti 2024 lilitoka tangazo la serikali la kufuta kata 11 na vijiji vyake ndani ya Tarafa ya Ngorongoro, maelfu ya watu wakajaa barabarani, na Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha mwezi huohuo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inategemea kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kamati ya maafa ya kijiji inahitaji kwanza kijiji ambacho hakuna anayekitilia shaka. Na onyo linahitaji kuaminiwa. Mtu aliyeambiwa mara tatu kwamba aondoke kwa sababu hii na ile, siku akiambiwa aondoke kwa sababu ya majivu, atauliza kama ni kweli au ni njia nyingine ya kumtoa. Saa anazotumia kuuliza ndizo saa za kuokoa ndama. Ndiyo maana nasema wazi: hatari ya volkano isitumiwe kamwe kama hoja ya kuwahamisha watu moja kwa moja kutoka Ngorongoro. Kuondoa ng'ombe kwa wiki sita na kuwarudisha ni hekima ya nyumbu. Kuwafuta wenyeji kwa kisingizio cha mlima kutaua imani katika kila onyo litakalokuja baadaye.

Vinavyohitajika Kakesio navitaja kwa majina yake ya kawaida. Mabirika na matangi ya maji yawe na vifuniko, hata vya turubai, vilivyokwisha kukatwa na kuwekwa tayari shuleni au zahanati. Sahani pana ya bati iwekwe juu ya paa la shule, mwalimu aifute kila Ijumaa. Siku akikuta majivu ayapime unene na kuyatuma GST kwenye mfuko wa plastiki. Wazee wa hapo na mamlaka ya hifadhi waandikiane sasa, kabla ya dharura, ni malisho gani yatafunguliwa, kwa siku ngapi, kwa njia ipi, na nani atatoa amri. Afisa mifugo ajue dalili za sumu ya floraidi ili asizichanganye na ugonjwa wa miguu na midomo. Kituo cha afya kiwe na barakoa za watoto na wazee wenye vifua.

Na habari ipite kwenye njia zinazopitika. Mtandao wa simu upande huo hukatika, na wengi wana kitochi, siyo simu ya intaneti. Lakini redio inasikika, na zipo redio za jamii ya wafugaji, Loliondo na Orkonerei, zinazojua kuzungumza na watu wake. Ipo pia desturi ambayo hakuna bajeti iliyoinunua: Wamaasai wawili wakikutana njiani hawaagani kabla hawajapeana ilomon, habari kamili za walikotoka, za mvua, za nyasi, za wanyama, za wagonjwa. Habari ya majivu ikitoka Nayobi, kijiji cha upande wa Lengai, asubuhi kwa njia hiyo itavuka milima kwa kasi inayoshangaza. Kazi ya serikali ni kuhakikisha inapofika inakuta maelekezo, siyo uvumi.

Wazee wa Kimaasai wana maneno yao kuhusu Lengai. Wanasema juu pale ni kwa Engai, ambaye ana sura mbili: mweusi, wa mvua na nyasi, na mwekundu, wa hasira na ukame. Wapo wanaotoka mbali kwenda kuomba chini ya mlima. Nimewahi kusikia msomi akidai imani hiyo ni kikwazo cha sayansi. Sikubaliani naye hata kidogo. Jamii inayoamini kwamba mlima mmoja unatoa neema na adhabu, na kwamba unastahili kutazamwa kila siku kwa heshima, iko karibu na jiolojia kuliko wilaya nzima inayoutazama kama picha ya kalenda.

Kutoka mlipuko wa 1917 hadi ule wa 1940 ilipita miaka 23. Hadi wa 1966, miaka 26. Hadi wa 2007, miaka 41. Mlima hauna ratiba, na mimi sipigi ramli. Ninachojua ni kwamba mtoto aliyezaliwa siku za milipuko ile ya mwisho sasa ni kijana mwenye fimbo mkononi, anachunga ng'ombe wa baba yake kati ya Laetoli na ukingo wa Ziwa Eyasi, na hakuna aliyewahi kumwonyesha majivu yanayoanguka yanafananaje. Namwomba Mkuu wa Wilaya ya Ngorongoro, GST, mamlaka ya hifadhi na malaigwanani wakae naye chini ya mti mmoja Kakesio kabla ya nyumbu kushuka tena, wazungumzie birika, malisho na redio. Mkutano huo utachukua siku moja.